Mbuzi wa Mungu Bondeni Skamlung

Huko Changthang, upande wetu wa India wa mstari wa mpaka, kuna upepo usio na adabu. Huingia hemani bila kubisha hodi, hugusa chai yako ya siagi ikawa barafu, kisha hutoka na kofia. Meme Norphel alikuwa akiapa kwamba mwaka mmoja upepo huo ulimng'oa nyusi zote mbili, akaja kuziokota kiangazi zimenasa kichakani, na kwamba hizi alizo nazo usoni alizibandika mwenyewe, ndiyo maana moja imepanda juu kidogo. Watu walicheka, na kumwita Meme, yaani babu, hata wale waliomzidi umri, kwa sababu muongo wa aina yake huheshimiwa.

Jambo moja tu Norphel hakuwahi kulitia chumvi: upepo ule ule ndio uliomlishia mbuzi. Bonde la Skamlung, nyuma ya mlima, lilikuwa njia yake. Theluji ikianguka huko, upepo huifagia yote ikaacha nyasi zimesimama kavu, za manjano, tayari kuliwa. Kwingine kote mbuzi angechimba theluji kwa kwato hadi zitoke damu. Kwa hiyo baba yake Norphel, na baba ya baba yake, walihamia Skamlung kila majira ya baridi, mbuzi wakala, wakazaa, na wanambuzi wakakulia humo kwenye vishimo vilivyotandikwa samadi kavu.

Kisha India ikasema bonde ni lake. China nayo ikasema bonde ni lake. Walikuwa wakisema hivyo tangu Norphel anachezea kombeo, lakini walikuwa wakisema kwa mbali. Safari hii walikuja kusemea bondeni kwenyewe, askari wa huku na askari wa kule, wakasukumana, wakatukanana kwa vipaza sauti, wakajenga, wakabomoleana. Wakubwa wakakutana mezani mara nyingi, mpaka wakapatana: wote watoke, na asiingie mtu. Si askari, si mchungaji, si mtu yeyote. Wakaliita eneo tulivu. Utulivu wenyewe ulikuwa wa kaburi.

Majira ya baridi ya kwanza baada ya hapo, Norphel alipoteza wanambuzi wengi. Ya pili, akapoteza na mama zao. Sasa yalikuwa yameingia ya tatu, lori la majani makavu la serikali lilikuwa limekwama huko chini barabarani, na majike wake waliobaki walikuwa na mimba wote, mbavu zimetokeza kama miti ya hema.

"Wakifa hawa," mkewe Kunzes alimwambia, akisukuma motoni mavi ya yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, "tunakwenda mjini Leh. Nakuambia mapema usije ukashtuka."

"Leh nikafanye nini?"

"Ubebe matofali kama wenzako. Au ukae kwa binti yako uangalie televisheni."

"Televisheni haitoi sufu."

"Na mbuzi aliyekufa hatoi." Kunzes alimtazama. "Mbona unacheka peke yako? Norphel! Umeanza tena, eh? Ukicheka hivyo huwa kuna mtu ataumia."

Norphel alikuwa amepata wazo, na alikuwa na kawaida ya kulifurahia wazo lake kabla hajalichunguza.

Kundi lake liliongozwa na beberu mmoja mkubwa, mweupe, aliyeitwa Lonpo. Maana yake waziri. Alipewa jina hilo kwa sababu alitembea tumbo mbele, polepole, kama mtu aendaye mkutanoni ambako hawawezi kuanza bila yeye. Lonpo alizaliwa Skamlung. Kila alfajiri, tangu bonde lifungwe, alikuwa akiliongoza kundi hadi kwenye mlango wa bonde, palipo na kituo cha askari wetu, na kila alfajiri askari walimrudisha kwa mawe na miluzi.

Sasa kwetu kuna desturi. Mtu akiwa na nadhiri, au ugonjwa, au shukrani, humchukua mnyama mmoja akamtoa kwa mungu. Lama, mtawa wetu, humsomea dua, humpaka siagi kwenye paji la uso, humfunga kwenye pembe tepe za rangi tano: buluu, nyeupe, nyekundu, kijani, manjano. Kuanzia hapo mnyama huyo hachinjwi, hauzwi, hachanwi sufu, hapigwi hata kwa ufito. Anakotaka kwenda, anakwenda. Kumgeuza njia ni kumgeuza mungu.

"Nitamtoa Lonpo," Norphel alisema.

Kunzes aliacha kukoroga chai. Halafu akaelewa, na uso ukambadilika.

"Hapana."

"Wale askari wa kituoni nusu yao ni vijana wetu. Tundup yule sajini ametoka Nubra, mama yake anazungusha gurudumu la dua hata akiwa usingizini. Unadhani atampiga jiwe mnyama wa mungu? Lonpo ataingia, na wengine watamfuata. Mimi sitaingia, wewe hutaingia. Wamesema asiingie mtu. Lonpo ni mtu?"

"Unampa mungu kitu huku umeshika kamba yake."

"Kamba siishiki! Ndiyo maana ya kumtoa!"

"Umeishika moyoni. Mungu haoni moyoni?"

"Mungu akiona atacheka," Norphel alisema. "Mbuzi wana njaa, Kunzes. Na yeye anawaona."

Kunzes aliwasikia nje wakitafuna kamba za hema.

Lama Samstan alikuja juu ya punda, akala uji wa shayiri bakuli tatu, akasoma dua kwa sauti ya puani. Alipokuwa akifunga utepe wa mwisho alimtazama Norphel kwa jicho la pembeni.

"Nadhiri ya nini, Meme?"

"Ya afya."

"Ya nani?"

"Ya wote, Lama. Mimi si mchoyo."

Lonpo alisimama katikati ya watu, siagi inameta usoni, tepe zinapepea kwenye pembe, na akaonekana kuamini kwamba jambo hili lilichelewa.

Kesho yake asubuhi alifika kituoni. Norphel alijikalisha juu ya jiwe kwa mbali, akitengeneza kiatu ambacho hakikuharibika. Sajini Tundup alitoka na jiwe mkononi, akaona tepe, akaliweka jiwe chini taratibu kama yai.

"Meme! Nini hiki?"

"Ah, huyo? Nimemtoa. Si wangu tena."

"Tangu lini?"

"Jana. Uliza Lama."

"Meme, mwite arudi."

"Nimwite kama nani? Mwite wewe, una bunduki."

Askari wengine walikuwa wamejikusanya. Mmoja wao, kijana wa Zanskar, aliinamisha kichwa mbele ya beberu kwa mazoea, kisha akajikumbuka na kusimama wima. Lonpo aliupita mti wa kizuizi kwa chini bila kuharakisha. Kundi zima likamfuata, wakimwagika chini ya kizuizi kama maziwa yaliyopinduliwa, na Tundup akabaki ameshika kiuno.

"Wewe mzee utaniachisha kazi."

"Ukiachishwa njoo unichungie. Nimebaki bila beberu."

Jioni Norphel alipiga mluzi wake, ule wa vidole viwili ambao alidai uliwahi kumwangusha tai, na mbuzi wakarudi wakiongozwa na Lonpo, maana palikuwa na chumvi ya magadi ikiwasubiri, na mungu hakuwa ameweka chumvi bondeni. Matumbo yamejaa. Norphel alipitisha mkono juu ya mbavu zao na mara ya kwanza katika miaka mitatu mkono haukugongagonga.

Iliendelea hivyo siku kadhaa. Habari ikaenea kambi kwa kambi, na Norphel akaisimulia mpaka Lonpo akawa ananena dua mwenyewe na majenerali wa pande zote mbili wanampigia saluti. Kunzes alisikiliza bila kucheka. Lakini usiku alilala, jambo ambalo hakulifanya tangu vuli.

Halafu ikaja theluji.

Ilianza mchana, mbuzi wakiwa ndani. Norphel alipiga mluzi mara moja, akapiga tena, na upepo ukaula mluzi. Kulipopambazuka, mlango wa bonde ulikuwa umezibwa kwa theluji iliyomfikia mtu kifuani, hatua kama sitini kwa unene, ngumu kwa juu kama mkate wa juzi. Ndani ya bonde kwenyewe nyasi zilikuwa wazi, zimefagiliwa safi. Kutoka ukingoni, juu ya kituo, waliwaona mbuzi wote, wadogo kama mchele uliomwagika. Wazima.

"Basi tuchimbe," Norphel alisema. "Nipe vijana wanne na koleo. Mchana wote wametoka."

Mkuu wa kituo alikuwa Kapteni Kurup, mtu wa kusini kabisa, nchi ya minazi na mvua, mwenye midomo iliyopasuka kwa baridi na tabia ya kuongea chini chini kana kwamba anaogopa kuamsha mtu. Alikuwa na mazoea ya kumpa Norphel biskuti.

"Meme, ile theluji iko ndani ya mstari."

"Theluji ya nani?"

"Iko ndani ya eneo. Hatuwezi kuingia."

"Siingii! Nachimba tu."

"Kuchimba ni ujenzi. Imeandikwa."

Norphel alicheka, akadhani na Kapteni amejifunza utani. Kapteni hakucheka.

"Kwani hakuna namna?" Norphel aliuliza. "Yaki wa jirani yangu Stobgyas alipotelea kule mwaka jana. Mlimrudisha siku ile ile. Mlikunywa na chai na askari wa kule, nilisikia."

"Ndiyo. Mnyama aliyepotea tuna utaratibu wake. Wanapiga simu, tunapiga simu, tunakutana, tunamchukua." Kapteni alivua glavu, akaivaa tena. "Lakini huyu wako hakupotea, Meme. Ana rangi tano kichwani. Ndege yao isiyo na rubani imempiga picha siku tatu mfululizo akiingia saa ile ile, anakwenda mahali pale pale, anasimama juu ya kile kilima katikati. Wametuletea malalamiko. Wanasema tumepeleka bendera."

"Bendera?"

"Wanasema India imesimika alama ya umiliki ndani ya eneo tulivu, kwa kutumia mnyama."

Sajini Tundup, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alijifunika uso kwa kiganja.

"Si waambiwe ni tepe za dua!" Norphel alisema. "Na wao kule wana watu wa jadi yetu, wana wachungaji, wana mama zao. Waulizwe! Mtoto wa kule anajua tepe zile ni nini!"

"Tumewaambia. Wamejibu kwamba hilo ni baya zaidi. Kama ni ibada, basi tunadai bonde ni mahali petu pa ibada." Kapteni aliangalia chini. "Na wakubwa wangu nao wamepata hamu. Wanaona jibu hilo si baya. Hawataki kusema kwamba mbuzi wale waliingia kimakosa. Wakisema hivyo watakuwa wamekubali kwamba kuingia ni kosa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mpaka wapatane ni nini kimeingia mle, hakiwezi kutolewa."

Norphel alikaa chini kwenye sanduku la risasi. Angekuwa ameswaga mbuzi wake bila tepe, wakaponyoka kijinga kama mbuzi wa mtu yeyote, leo wangekuwa njiani kurudi. Alilielewa hilo haraka, na akatamani angekuwa mtu wa kuelewa polepole.

"Wanakaribia kuzaa," alisema. "Kapteni, sikiliza. Mwanambuzi akidondoka kwenye baridi hii, ana muda wa kunywa chai kikombe kimoja. Asipokaushwa, asipotiwa shimoni, basi. Na wale majike wa uzao wa kwanza huwa wanawakataa watoto wao. Lazima mtu awe pale. Nitaingia mimi peke yangu. Nivueni nguo mniingize uchi, waone sina bendera."

"Meme."

"Wanipige risasi basi. Mzee kama mimi, watapoteza risasi tu."

"Ukiweka mguu mle, kesho wao wataweka hema. Keshokutwa na sisi. Nilikuwa hapa safari iliyopita, Meme. Najua inavyomalizika." Kapteni alimsogezea pakiti ya biskuti mezani. Norphel hakuigusa.

Alijaribu hata hivyo. Siku iliyofuata alishuka kwa upande wa mawe, mgongoni koleo, na alikuwa amefika kwenye theluji na kupiga koleo la kwanza Tundup alipomkamata kiunoni kwa nyuma. Walianguka wote wawili.

"Niachie, mtoto wa mbwa!"

"Siwezi, Meme."

"Mama yako anajua unafanya kazi gani hapa? Anajua?"

"Nitukane tu. Nitukane, lakini turudi."

Ng'ambo ya ukuta wa theluji, Lonpo alikuwa amesikia sauti. Alikuja hadi mwisho wa njia, akasimama, tepe zimeganda zimekuwa vijiti. Alimtazama Norphel kwa macho yale ya manjano. Norphel alitia vidole mdomoni apige mluzi, kisha akavitoa. Angemwita aje wapi?

Tundup alikuwa akilia. Alimbeba mzee hadi juu kama gunia, na Norphel, ambaye kwa kawaida angelipata hapo hadithi ya mwaka mzima, aligeuza shingo kumtazama Lonpo.

Mbuzi wakaanza kuzaa asubuhi moja yenye jua kali, jua lile la kwetu linalochoma ngozi bila kupasha moto. Kambi yote ilipanda ukingoni. Kapteni alitoa darubini yake, akamkabidhi Norphel, kisha akaenda kusimama nyuma ya kibanda cha redio ambako kelele zilikuwa zikiendelea kwa lugha tatu.

Kwenye ukingo wa ng'ambo, upande wa China, palikuwa na watu wawili watatu wamevaa makoti marefu ya ngozi kama yetu. Wachungaji. Mmoja alianza kushuka na askari wao wakamzuia, mkono kifuani, vile vile. Aliinua kofia yake kichwani akaishika juu kwa muda mrefu. Norphel naye akainua yake. Hapakuwa na jingine la kufanyiana.

Mwanambuzi wa kwanza alionekana kama moshi. Alitoka na mvuke juu yake, mama akamlamba, akasimama, akaanguka, akasimama. Watu ukingoni walishangilia kama wako kwenye mbio za farasi. Kisha mvuke ulikwisha na hakusimama tena. Mama aliendelea kulamba.

Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu hakulambwa kabisa. Mama yake alikuwa wa uzao wa kwanza, alikigeukia kitu kile kilichotoka mwilini mwake, akakinusa, akaondoka zake kutafuta nyasi. Nyasi zilikuwepo nyingi. Nyasi bora kuliko zote Changthang.

"Nani amemkataa mtoto?" Kunzes aliuliza. Mng'ao wa theluji ulikuwa umemharibu macho zamani, na kwa mbali aliona weupe tu.

"Yule mwenye doa shavuni."

"Najua tu. Mama yake alikuwa hivyo hivyo."

Kunzes alifungua shali iliyofunika mdomo wake, akaanza kuimba. Ni wimbo wa kazi, kila mwanamke wa kwetu anaujua: unamkumbatia jike shingoni, unamsugulia mtoto wake puani, unamwimbia polepole, huyu ni wako, mnuse, huyu ni wako, mpaka moyo wake ulainike na maziwa yashuke. Unaimbwa sikioni. Yeye aliuimbia bonde zima, na upepo ukawa unamrudishia maneno usoni.

Wanawake wengine waliimba naye kidogo, kisha wakanyamaza mmoja mmoja. Baadhi walishuka kwenda kuwasha moto. Kapteni alitoka kibandani. Alikuja karibu na Norphel, akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Wamekubaliana kukutana."

"Leo?"

"Barabara yao imefungwa na yetu imefungwa. Barabara zikifunguka. Suala la mbuzi litakuwa la kwanza kwenye ajenda, wameahidi. Kabla ya mambo mengine yote."

"La kwanza," Norphel alisema.

"Ndiyo, Meme."

"Lonpo atafurahi."

Alirudisha darubini machoni. Jike mwenye doa alikuwa mbali sasa, kichwa chini, anakula. Kile alichokiacha kilikuwa kimeshalingana rangi na ardhi. Huku na huku wengine walikuwa wakilala chini kuzaa, wengine wakisimama juu ya waliokwisha kuzaliwa, na ilikuwa vigumu kuhesabu, na hakuhesabu. Sauti ya Kunzes ilikuwa imeanza kukwaruza, inakatika katikati ya neno, inaanza upya.

"Norphel," aliita, bila kumgeukia. "Amemkubali?"

Maisha yake yote Norphel alikuwa akiongopa kwa raha, kwa kupaka rangi na kuongeza pembe. Hili lilimtoka kavu, fupi.

"Amemkubali."

"Ananyonya?"

"Ananyonya. Anatikisa mkia."

"Vizuri."

Kunzes alimeza mate, akavuta shali, akaimba tena tangu mwanzo.

"Kunzes, si nimekuambia amemkubali? Pumzisha koo."

"Nimekusikia," alisema Kunzes. "Wako wengine."